Nyuma ya Picha ya Darasa

Katika nyumba nyingi za Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu walimokaa walimu wa zamani, imo picha ya aina moja. Wanafunzi wamepangwa safu tatu: wa mbele wamekaa chini wamekunja miguu, wa kati wamekaa juu ya mabao, wa nyuma wamesimama. Mwalimu yuko katikati, mikono juu ya magoti, kanzu imepigwa pasi na kofia imekaa sawasawa. Mbele ya miguu yake pana ubao mdogo ulioandikwa kwa chaki jina la darasa na mwaka. Wachache wanacheka. Aghalabu yupo mmoja aliyejitikisa wakati kamera inafunguka, na uso wake umebaki kama ukungu.

Upande huo wa picha hutazamwa na kila mgeni anayekaribishwa barazani. Upande wa pili hauonekani, kwa sababu picha imetiwa katika fremu au imebandikwa kwenye albamu kwa gundi. Lakini picha ikitolewa mahala pake, mara nyingi nyuma yake hukutwa maandishi. Pengine ni tarehe tu. Pengine ni majina, safu kwa safu, kwa hati ile ile nadhifu iliyokuwa ikijaza daftari la mahudhurio. Na mara moja moja, kwa mwalimu wa tabia fulani, huwa ni zaidi ya majina: ni neno moja mbele ya kila jina, au sentensi nzima, au alama ambayo mwandishi mwenyewe peke yake ndiye aliyejua maana yake. Maandishi hayo hayajapata kuhesabiwa kuwa ni fasihi wala historia. Hata hivyo yana nasaba ndefu, na nasaba hiyo haianzi kwenye kamera.

Inaanza kwenye kitabu. Katika vyuo na misikiti ya pwani kitabu hakikusomwa kwa macho matupu. Matini yalikaa katikati ya ukurasa, na pembezoni msomaji akaandika hashia: maana ya neno gumu, rai ya mwanachuoni mwengine, pengine tarehe ya kumaliza kukisoma na jina la sheikh aliyemsomea. Kitabu kilipopita mkono hadi mkono hashia ziliongezeka, hata ikawa ukurasa mmoja umebeba mazungumzo ya watu wasiowahi kuonana. Hashia haikuwa pambo. Ilikuwa njia ya mwalimu kukiri kwamba matini peke yake hayatoshi, na kwamba atakayekuja baada yake atahitaji kushikwa mkono.

Wapenzi wa ushairi wana mfano wao mkubwa wa jambo hili, nao ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890. Muyaka bin Haji alikuwa amekwisha kufa kiasi cha miaka hamsini kabla ya hapo. Mashairi yake yaliishi vinywani mwa watu, na watu walikuwa wanapungua. William Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyefika Mombasa mwaka 1880, alitaka kuyaandika, na kwa kazi hiyo alimtegemea Mwalimu Sikujua. Mwalimu huyu hakuleta beti tu. Alileta na visa vyake: shairi hili lilisemwa katika jambo gani, lilimlenga nani, mafumbo yake yanaficha mtu gani wa mji. Karatasi hizo ndizo zilizomwezesha William Hichens kuitoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, na ndizo alizozirejea Mohamed Hassan Abdulaziz katika kitabu chake cha mwaka 1979. Muyaka aliyetufikia, kwa hiyo, ni Muyaka mwenye hashia.

Yafaa kufikiri ingekuwaje bila ya mwalimu huyo. Beti nyingi zingebaki, kwa kuwa mizani na vina ni walinzi wazuri. Lakini shairi la majibizano, lililotungwa siku moja kwa ajili ya ugomvi mmoja baina ya Mombasa ya Wamazrui na Unguja ya Seyyid Said, lingebaki kama sauti ya mtu anayezungumza nyuma ya ukuta. Maneno yangesikika na kisa kisijulikane. Picha ya darasa isiyo na maandishi nyuma yake iko katika hali hiyo hiyo. Nyuso zimehifadhiwa barabara, kuliko kumbukumbu yoyote ya mtu ingeweza kuzihifadhi, na hakuna anayejua ni za nani.

Kamera iliifikia pwani mapema kuliko wengi wanavyodhani. Kapteni wa Kifaransa Charles Guillain, aliyeizunguka pwani hii kwa jahazi la kivita Ducouëdic kati ya 1846 na 1848, alikuja na mtambo wa daguerreotype, wakati ambapo ufundi huo haukuwa umetimiza hata miaka kumi tangu kutangazwa Paris. Kabla ya karne ya 19 kwisha, Mji Mkongwe ulikuwa na studio za A. C. Gomes na za ndugu Coutinho, watu wenye asili ya Goa. Picha zao nyingi ziligeuzwa kadi za posta na kuuzwa kwa abiria wa meli. Chini ya kadi palichapwa maneno machache: mwanamke wa Kiswahili, wachukuzi, nyumba ya wenyeji. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa maandishi ya picha katika visiwa hivi, na ni mwanzo wa kusikitisha, kwa sababu kazi ya maandishi hayo ilikuwa kumwondolea mtu jina lake na kumpa aina.

Albamu za maafisa wa kikoloni ziliendeleza mtindo huo. Mkusanyo wa Winterton, ulionunuliwa na Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani mwaka 2002, una picha zaidi ya 7,000 za Afrika ya Mashariki, za baina ya 1860 na 1960. Anayepekua albamu za zama hizo, huko au kwengineko, huzoea haraka kanuni yake isiyoandikwa. Mzungu aliyemo ana jina na cheo. Mbwa wake pengine naye ana jina. Waliobaki ni watumishi, askari, wanafunzi. Picha ya skuli yenye watu arubaini huweza kuwa na jina la mtu mmoja tu, mkaguzi aliyepita siku hiyo, ambaye hakumfundisha hata mtoto mmoja kati ya waliomzunguka.

Mwalimu wa hapa alipoanza kumiliki nakala yake mwenyewe ya picha hiyo, hali ilibadilika kimya kimya. Hilo liliwezekana zaidi baada ya studio za picha kuwa jambo la kawaida la mtaani. Ranchhod Oza aliifungua Capital Art Studio mjini Unguja mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaiendesha baada yake. Lamu ilikuja kuwa na studio ya Omar Said Bakor (1932–1993), bingwa wa kukata na kuunganisha picha hata mtu akaonekana amechanua ndani ya ua. Mwalimu hakuwa tajiri, lakini alikuwa na mshahara wa kila mwezi, na nakala ya picha ya darasa lake ilikuwa miongoni mwa vitu vichache vya anasa alivyoweza kujinunulia bila ya kuonekana ana majivuno. Alikuwa pia mtu wa kalamu. Walimu wa Unguja walikuwa na jarida lao wenyewe, Mazungumzo ya Walimu, tangu kabla ya Vita Vikuu vya Pili, na humo waliandika juu ya historia, lugha na kazi yao. Mtu aliyezoea kuandika kwa ajili ya wenzake hakushindwa kuandika nyuma ya kipande cha karatasi kwa ajili yake mwenyewe.

Skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927, na picha za huko zilikuwa na adabu yake. Wazazi waliokubali kwa shida binti yao atoke kwenda kusoma hawakutaka uso wake uzunguke mjini mikononi mwa watu. Picha hizo zilikaa ndani, katika kasha au chini ya mtandio, zikatolewa mbele ya wanawake tu. Pengine ndiyo maana, pale zilipobaki, zimebaki na maelezo zaidi kuliko za wavulana: walioandika walijua kwamba picha itasomwa na watu wanaojuana, na walioandika kwa watu wanaojuana hawaogopi kutaja mama ya mtu, mtaa wake, na mwaka alioolewa.

Maandishi ya nyuma ya picha hayaandikwi mara moja. Hili ndilo linaloyatenga na maelezo yaliyochapwa chini ya kadi. Mara ya kwanza mwalimu huandika majina, wino bado mbichi na darasa bado lipo. Kuandika ni rahisi, maana kesho atawaona wote. Miaka hupita. Mmoja wa watoto wale anakuwa karani, mwengine nahodha, wa tatu anarudi skulini hapo hapo kuwa mwalimu. Kalamu nyengine, wino mwengine, hati iliyokwisha kupinda kidogo, na kando ya jina panaongezwa neno. Kisha huja neno "marehemu", ambalo kwanza huandikwa kwa jina zima na baadaye, likishakuwa jingi, hufupishwa kuwa herufi moja. Mkono wa mwandishi unazeeka upande wa nyuma huku uso wake upande wa mbele ukibaki wa kijana wa miaka ishirini na sita.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 maandishi hayo yalipata kazi ambayo hakuna aliyeitarajia. Darasa la mwaka 1958 au 1961 liligeuka kuwa orodha ya watu waliotawanyika. Kando ya majina yakaingia majina ya miji: Dar es Salaam, Mombasa, Dubai, Maskati, London. Walioondoka waliondoka na kilichoweza kubebeka, na picha hubebeka. Waliobaki wapo waliozitia picha zao chini ya godoro, na wapo waliozichoma, kwani jina kamili nyuma ya picha, pamoja na tarehe na mahala, ni ushahidi, na katika miaka ile hapakuwa na ajuaye ushahidi huo ungemfikia nani. Serikali mpya ilitangaza elimu bila malipo tarehe 23 Septemba 1964, na madarasa yakajaa watoto ambao wazee wao hawakupata kukaa katika safu yoyote ya picha. Hao nao walipigwa picha, na walimu wao nao wakaandika. Atakayeitafuta historia ya elimu ya visiwa hivi katika upande mmoja tu wa mwaka huo, uwao wote, atapata nusu ya darasa.

Ng'ambo ya bahari, Oman ya mwaka 1970 ilikuwa na skuli tatu tu, zenye wanafunzi wapatao 900, wote wavulana. Ilipoanza kujenga nyengine ilihitaji watu waliosoma, na miongoni mwa waliorejea huko walikuwamo waliosomea na kusomesha Unguja. Ndipo ikawa picha iliyopigwa Mji Mkongwe kuongezewa maandishi Maskati, pengine kwa Kiarabu, juu ya majina yaliyoandikwa kwa Kiswahili. Hashia ya lugha mbili, kama zile za vitabuni.

Yote haya, hata hivyo, yanaweza kuchukuliwa kuwa ni kumbukumbu tu, tena kumbukumbu ya huzuni. Swali ni kama maandishi hayo yalimfanya mwalimu awe mwalimu bora, au yalimliwaza tu. Jibu linaanza kuonekana kwa mwalimu mmoja wa mbali, ambaye huenda ndiye aliyekwenda mbali kuliko wote katika kuandika nyuma ya picha.

Lewis Hine alizaliwa Wisconsin, Marekani, mwaka 1874. Alikuwa mwalimu wa jiografia na elimu ya viumbe katika skuli moja ya New York, na mkuu wa skuli yake ndiye aliyempa kamera, kwa shabaha ya kufundishia. Kuanzia mwaka 1904 alikwenda katika kisiwa cha Ellis kuwapiga picha wahamiaji, ili wanafunzi wake wawaone wageni hao kama watu na si kama kundi. Mwaka 1908 aliacha kazi ya darasani, akaajiriwa na kamati ya kitaifa iliyopinga kazi za watoto. Alizunguka viwanda vya pamba, migodi na mashamba. Wenye viwanda hawakumtaka, na mara nyingi aliingia kwa kujifanya mtu mwengine. Urefu wa mtoto aliupima kwa vifungo vya kizibao chake, kwa kuwa alijua kila kifungo kiko umbali gani kutoka ardhini. Maelezo aliyaandika mkono ukiwa ndani ya mfuko.

Maktaba ya Bunge la Marekani inahifadhi zaidi ya picha 5,100 za kazi hiyo pamoja na maelezo yake. Moja ilipigwa mwezi wa Disemba 1908 katika kiwanda cha pamba cha Whitnel, North Carolina. Msichana amesimama kando ya mashine ya kusokotea nyuzi. Picha peke yake ingeweza kuwa nzuri tu: mwanga wa dirishani, mistari ya mashine inayokwenda mbali, mtoto mdogo. Maelezo ndiyo yanayoikataza isiwe nzuri tu. Urefu wake ni inchi 51. Ana mwaka mmoja kiwandani, na siku nyengine hufanya kazi usiku. Analipwa senti 48 kwa siku. Alipoulizwa umri alisita, kwanza akasema hakumbuki, kisha akaongeza kwa siri kwamba hajafikia umri wa kufanya kazi lakini anafanya vivyo hivyo.

Hayo ni maandishi ya mwalimu. Mwandishi wa habari angeuliza umri, akaandika jibu. Mwalimu aliandika kusita. Aliyezoea kusimama mbele ya watoto anajua kwamba kimya kinachotangulia jibu kina habari kuliko jibu lenyewe, na Hine aliona kimya hicho kinastahili mahala katika kumbukumbu rasmi ya kamati. Senti na inchi zilikuwa za wabunge. Kusita kulikuwa kwa ajili ya mtoto.

Tena kuna funzo la upande wa pili, la makosa. Picha nyengine ya Hine, ya msichana wa kiwanda cha North Pownal, Vermont, mwaka 1910, ilipata umaarufu hata ikatiwa kwenye stempu ya Marekani mwaka 1998. Kwa miaka mingi jina la ukoo la msichana huyo lilitajwa kwa makosa, na kwa sababu ya jina hilo hakuna aliyeweza kumpata. Watafiti walipolisahihisha, katika miaka ya 2000, waligundua kwamba aliishi mpaka uzee, na kwamba alifariki mwaka 1993, miaka mitano kabla ya stempu yake. Herufi chache zilitosha kumpotezea mtu uso wake mwenyewe. Mwalimu anayeandika jina la mtoto kwa haraka nyuma ya picha, akidhani tahajia haina neno, na alifikirie hilo.

Wasomi wa elimu wamelipa jambo hili majina mengi. Mwaka 1957 John Collier wa Marekani alieleza kwamba watu wanaohojiwa huku wakitazama picha husema mengi zaidi, na ya hakika zaidi, kuliko wanaoulizwa maneno matupu. Mwaka 1983 Donald Schön alitoa kitabu juu ya mfanyakazi mwenye kuitafakari kazi yake, na tangu hapo vyuo vya ualimu duniani vikaanza kuwataka wanafunzi waandike tafakuri zao, mara nyengine kwa kutumia picha za madarasa waliyosomesha. Ni fikra nzuri, ingawa imekuja hapa ikiwa na sura ya kitu kipya, na hilo linatia kichekesho kidogo. Pwani ilikuwa na neno lake kitambo: muhasaba, mtu kujihesabia nafsi yake. Harith bin Asad, aliyefariki Baghdad mwaka 857, aliitwa al-Muhasibi kwa ajili ya shughuli hiyo, na Imam al-Ghazali aliitengea kitabu kizima ndani ya Ihya. Walimu waliosoma vyuoni kabla ya kuingia skuli walilijua neno hili kabla ya kulijua neno la Schön. Walichokikosa, pengine, ni kulihamisha kutoka kwenye sala ya usiku na kulipeleka kwenye daftari la kazi.

Ama picha ya darasa ni hesabu yenyewe, ikiwa mwenye kuiandikia hatajidanganya. Mchukue mwalimu aliyestaafu, aliyesomesha miaka thelathini, anaitoa picha ya darasa lake la kwanza na kuanza kuandika majina. Safu ya nyuma inakwenda haraka: huko walikuwa warefu, na warefu walikuwa watundu, na watundu hawasahauliki. Safu ya mbele nayo inakwenda: wadogo, wenye akili, waliokaa karibu na meza yake na kuinua mkono kabla ya swali kumalizika. Safu ya kati ndiyo inayokwama. Yule wa nne kutoka kushoto ni nani? Na aliyekaa baada yake? Walikuja kila siku, waliandika, walikaa kimya, walipita mtihani kwa shida au walianguka kidogo, wakaenda zao. Alikuwa nao mwaka mzima, saa tano kwa siku. Kalamu inabaki hewani.

Hapo ndipo maandishi ya nyuma ya picha yanapoacha kuwa ukumbusho. Lile pengo si ugonjwa wa uzee, kwa sababu wengine wote anawakumbuka. Pengo ni ramani ya macho yake mwenyewe, inaonesha yalikokuwa yakienda na yalikokuwa hayaendi, siku zile alipoamini kwamba anawatazama wote sawasawa. Hakuna mkaguzi aliyewahi kumwonesha hilo. Ripoti za wakaguzi zilihesabu vitabu, madawati na matokeo. Zipo pia nyuso nyengine, ambazo jina lake linakuja upesi mno kwa sababu ya bakora iliyopigwa kwa kosa la mwengine, na mwalimu akaligundua baadaye na asiseme. Kuliandika hilo kwa maneno manne, nyuma ya karatasi ambayo haitazamwi na mtu, ni jambo dogo. Lakini ni dogo la namna ambayo watu wengi wanafariki bila ya kulifanya.

Na wapo wasiokuwamo. Aliyekuwa mgonjwa siku ya picha. Aliyerudishwa nyumbani kwa kutolipa ada. Aliyeona haya kuja bila viatu, kwa kuwa siku ya picha iliyotangazwa ni siku ya mavazi, na mpigapicha alipokwisha kukunja miguu mitatu ya kamera yake, mtoto huyo akaonekana dirishani. Karatasi haina safu ya hawa. Mwalimu makini huwaandikia safu yao ya nne.

Kwa anayetaka kuanza leo, mambo ya kufahamu ni machache, na mengi ni ya mkono. Kalamu ya biro huchimba karatasi mpaka herufi zikatokeza usoni mwa picha. Penseli laini, iliyoandikwa ukingoni bila kukandamiza, haidhuru, na wala haikimbizwi na unyevu kama wino wa chupa. Picha za rangi za miaka ya karibuni zina mgongo wa plastiki usioshika penseli, basi karatasi tofauti itakayohifadhiwa pamoja nayo inafaa zaidi. Tarehe ya kuandika iwekwe, siyo tarehe ya picha tu, ili msomaji ajue kumbukumbu ilikuwa na umri gani. Na maandishi ya zamani yasifutwe hata yakiwa na makosa. Sahihisho likae pembeni yake, kama walivyofanya wenye vitabu, maana kosa la mwaka 1955 nalo ni habari ya mwaka 1955. Yaliyo siri ya mtu aliye hai yabaki kuwa siri yake. Muhasaba ni wa mwalimu, si wa wanafunzi wake.

Picha za simu zimeleta tabu ya aina yake. Mwalimu wa leo ana picha elfu za madarasa yake ambapo mwalimu wa 1950 alikuwa na tatu, na elfu hizo hazina mgongo. Simu ikiibiwa au ikiingia maji, hakuna kilichobaki cha kugeuzwa. Wapo wanaochapisha moja kila mwaka, kwa makusudi ya kupata mahala pa kuandika.

Ama zile tatu za mwalimu wa 1950, hazijamaliza kazi yake. Msiba au harusi huwaleta watu pamoja, picha hutolewa ukutani, fremu ikafunguliwa kwa ncha ya kisu, na karatasi ikapitishwa barazani mkono hadi mkono. Katika safu ya kati, mahala pa wa nne kutoka kushoto, mwalimu aliweka mstari mtupu wa penseli, wenye urefu wa jina moja. Mzee mmoja anaisogeza picha mbali kidogo na macho, anaitazama, anaomba miwani ya mwenzake. "Huyu", anasema, "huyu ni mtoto wa nyumba ya pili kutoka kisimani. Hebu nipeni kalamu."